Jenereta Iliyojiwasha Kibara

Niliondoka Mwanza kwenda Kibara kwa sababu nilikuwa natafuta kazi ya kudumu, na kwa sababu nilitaka shemeji yangu anione nikiwa nayo. Sababu ya kwanza nilimwambia kila mtu. Ya pili sikumwambia mtu, na ndiyo iliyoleta madhara.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kiwanda cha nguo nilichokifanyia kazi ya umeme kwa miaka kumi na tisa kilikuwa kimetupunguza, mimi na wenzangu wengi, kwa barua zilizofanana isipokuwa jina. Mmoja wa wenzangu hao alikuwa Mabula, Msukuma wa Buswelu, mdogo wangu kwa miaka michache. Kiwandani alikuwa mpaka grisi, yaani mtu wa kuipaka mitambo grisi. Mimi niliwasha mitambo, yeye aliifuta na kuilainisha, na baada ya kupunguzwa tuliendelea kutafuta kazi pamoja, maana tulishazoea.

Tuliipata kwa Daktari Adelina. Huyu alikuwa daktari wa meno, mama wa Kihaya aliyeacha kazi ya serikali mara tu ruhusa ya tiba binafsi ilipotolewa. Wenzake walipanga vyumba mjini. Yeye alinunua gari. Lilikuwa limetengenezwa Ulaya kwa ajili ya watu wanaokwenda likizo na nyumba zao: lina kitanda, jiko la gesi, bomba la maji, jokofu, na choo ambacho hakuna mtu kati yetu aliyethubutu kukitumia. Usukani ulikuwa kushoto. Daktari aling'oa meza ya chakula, akafunga kiti cha wagonjwa mahali pake, na akaanza kuzunguka kwenye magulio kutibu meno. Watu wakaliita nyumba inayotembea.

Shida yake ilikuwa umeme. Mashine ya kusaga jino ilitumia betri zilizokuwa chini ya kitanda, na betri zilipochoka mashine ilinyamaza ikiwa ndani ya kinywa cha mtu. Hapo Mabula, ambaye ndiye alikuwa dereva, alitoka mbio kwenda kuvuta kamba ya jenereta ubavuni mwa gari. Mgonjwa mmoja wa Misungwi alitumia nafasi hiyo kwenda nyumbani na jino lake nusu. Ndipo daktari alipoagiza kifaa cha kuifanya jenereta ijiwashe yenyewe betri zikishuka na ijizime zikijaa. Akatuambia waziwazi kwamba safari ya Kibara, ya siku kumi, ndiyo itakuwa majaribio yetu. Ikienda salama, sote wawili tutaajiriwa moja kwa moja. Ikienda vibaya, atakayekuwa ameiharibu ataondoka.

Jumanne, Nyakato, nilikifunga kifaa hicho katika karakana yangu nyuma ya nyumba. Kilikuja ndani ya boksi pamoja na kitabu cha Kiingereza. Kiingereza nilikisoma mpaka kidato cha nne na hakikunisumbua. Kurasa nne za mwanzo zilikuwa za maonyo. Nikaziruka, kwa kuwa niliamini kila kitabu cha mashine huanza na maonyo kwa ajili ya wajinga. Nikaanzia penye mchoro wa nyaya.

Kazi ilitoka vizuri. Niliweka mota ya kuwashia badala ya kamba, nikaunganisha swichi yenye nafasi tatu, yaani kuzima, kuwasha kwa mkono, na kujiwasha. Kifuniko cha chuma kinachofunika mkanda na puli nilikitoa nikakiacha karakanani, ili jenereta ipate hewa, kwa sababu ya joto letu. Mafundi wengi tulifanya hivyo. Ndani ya boksi kulikuwa pia na karatasi ya njano ya kubandika, yenye picha ya mkono na puli, iliyotakiwa kukaa juu ya mlango wa jenereta. Niliona itaharibu rangi ya gari. Lakini ilikuwa karatasi nzuri, nikaibandika kwenye sanduku langu la vifaa.

Lazima nieleze hapa utaratibu wa kiwandani, maana bila huo mengine hayataeleweka. Kule mtambo haukuwashwa kimya. Mwashaji alipaza sauti mara tatu, "Nawasha," na kila aliyekuwa karibu alijibu kwa jina lake. Jina moja likikosekana, hakuna kuwasha, hata kama meneja amesimama anatazama saa. Kwa hiyo mpaka grisi hakuuliza wala kuangalia swichi. Aliposikia kimya, aliingiza mkono. Kwa miaka kumi na tisa Mabula aliingiza mkono wake katika kimya changu, kila asubuhi, na hakuwahi kupoteza hata ukucha.

Alipoona nimemaliza, aliniuliza kifaa kinafanyaje kazi. Nikamwambia jenereta sasa inajiwasha. Akasema ni vizuri, kamba ilikuwa inamuumiza bega. Nilitambua kwamba ameelewa kuwa nitakuwa nabonyeza swichi, kama mtu anavyowasha gari kwa ufunguo. Sikumsahihisha. Nilitaka ashangae pamoja na wengine tukifika Kibara.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tulishika barabara ya Musoma. Daktari alikaa mbele na Mabula, mimi nikakaa nyuma kwenye kiti cha wagonjwa, ambacho kwa safari ni kizuri kuliko viti vyote nilivyowahi kupanda. Tulipita Igoma na Kisesa watu wakiwa wanapanga nyanya. Lami ilikuwa na mashimo, na Mabula aliyafahamu yote, akawa anayakwepa bila kukatisha maongezi. Alikuwa anamwambia daktari kwamba akiajiriwa atamrudisha shule binti yake wa pili, aliyekatishwa kidato cha pili tulipopunguzwa. Daktari akamjibu kwamba hilo liko mikononi mwake mwenyewe. Nakumbuka alivyolisema, mikononi mwake.

Magu tulifika kabla ya saa tatu, tukaegesha karibu na gulio, na daktari akafanya kazi siku nzima. Waliopona waliwaeleza waliosubiri kwamba hakuna maumivu, isipokuwa fundi mmoja wa baiskeli aliyesema ukweli, na foleni ikapungua kidogo. Mchana betri zilishuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, karibu na swichi, jenereta ikawaka yenyewe. Daktari hakusimamisha hata mkono. Mimi nikajisikia kama mtu aliyezaa.

Mabula alikuwa upande wa mbele anaongeza maji kwenye rejeta. Akaja akifuta mikono.

"Kaka, siku hizi unawasha bila kusema?"

"Siku hizi kila kitu ruksa," nikamjibu. "Hata jenereta."

Akacheka sana. Ndivyo tulivyosema wakati ule juu ya kila jambo lililolegezwa, biashara, mitumba, baa kufunguliwa asubuhi. Akarudi kwenye rejeta yake akirudia neno lile. Nimeyapima maneno yangu mengi tangu siku hiyo, na hakuna mengine ninayotamani kuyarudisha kinywani kama hayo. Ningeweza kusema, "Si mimi niliyewasha." Ni maneno matatu.

Ijumaa tuliendelea. Baada ya Lamadi ziwa huonekana upande wa kushoto, na kulia ni mbuga tupu. Tulikula ugali na sato Lamadi, daktari akawakagua meno wahudumu wote wawili wakati tunasubiri chakula, kwa mazoea tu. Bunda tuliacha lami tukashika kushoto kwenye vumbi. Vumbi la njia ya Kibara ni jekundu na halichagui. Liliingia kwenye jokofu, kwenye kitanda, kwenye chai iliyokuwa ndani ya chupa iliyofungwa. Mabula alisikika akisema kwamba kesho asubuhi lazima jenereta ifutwe, mkanda ukijaa vumbi huteleza. Daktari akasema sawa. Mimi nilikuwa nimeziba pua kwa kitambaa, nikatikisa kichwa kukubali.

Kibara tulifika alasiri, tukaegesha katika uwanja wa shemeji yangu, Mwalimu Mafuru, aliyemwoa dada yangu. Sisi ni Wajita, na nyumba yake iko hatua chache tu kutoka ziwani, mahali ambapo nyavu huanikwa juu ya mawe. Mwalimu Mafuru alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Nilipopunguzwa kazi aliniandikia barua fupi ya kunikaribisha nyumbani nilime, akasema jembe halina mpango wa kupunguza watu. Barua hiyo niliitunza kwa hasira.

Jioni, kabla ya chakula, familia nzima iliingia kuitazama nyumba inayotembea. Waliwasha taa zote, wakafungua jokofu na kulifunga ili waone kama taa yake inazimika, wakawasha feni. Mabula aliwaambia watamaliza betri. Nikasema waache wafurahi. Mwalimu Mafuru alikaa kwenye kiti cha wagonjwa kama mkaguzi wa shule.

"Na umeme ukiisha, shemeji?"

"Utarudi wenyewe."

"Wenyewe, kama mbuzi?"

Watu wakacheka, dada yangu naye akacheka. Nikamwambia ana jino bovu, awe mgonjwa wa kwanza kesho, ataona. Swichi nikaipeleka kwenye kuwasha kwa mkono ili isijiwashe kabla ya wakati wake. Taa tukaziacha zikiwaka mpaka watu walipokwenda kulala. Nilipanga jambo lile kama mtu anavyopanga harusi.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, foleni ilikuwa imefika kwenye nyavu. Niliingia nikarudisha swichi mahali pa kujiwasha, nikatoka nikasimama mbele ya watu, upande wa mlango. Mabula alikuwa upande wa pili wa gari, penye mlango wa jenereta, na kitambaa chake. Sikumwona, lakini siwezi kusema sikujua. Alikuwa amesema jana, na kwa miaka kumi na tisa alifuta mashine saa ile ile.

Mwalimu Mafuru alikuwa ndani, kinywa wazi. Mashine ya meno ikaanza, ikanguruma, kisha sauti ikaanza kufifia, na taa ya daktari ikawa ya njano. Watu waliokuwa madirishani wakaguna. Mmoja akasema ndiyo hiyo, imeshakufa. Nikainua kidole kuwaomba wanyamaze, wasikilize. Wakanyamaza wote, mpaka watoto. Uwanja ukawa kimya kabisa.

Jenereta ikawaka, na watu wakapiga makofi.

Makofi yalikuwa mengi na yalidumu. Ndani yake nilisikia sauti nyingine, moja, fupi. Nikajua. Nilizunguka gari nikamkuta Mabula amekaa chini, ameegemea gurudumu, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na kitambaa kinazunguka kwenye puli. Upande wa pili walikuwa bado wanapiga makofi. Daktari alitoka na koti lake jeupe, akautazama mkono, akaniambia nizime mashine, kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mtu ateme mate.

Vidole viwili, cha mwisho na kinachokifuata, havikuweza kuokolewa. Daktari alimtoa Mwalimu Mafuru kitini akamweka Mabula. Alimchoma sindano za ganzi ambazo ni za meno, akasema mkono haujui tofauti, akafunga mishipa na kushona alichoweza. Mwalimu Mafuru alisimama nje ameshika shavu, jino limetobolewa nusu, na hakusema neno lolote juu ya mbuzi. Afadhali angesema.

Saa nne tuliondoka Kibara kwenda hospitali Bunda. Daktari aliendesha mwenyewe. Mabula alilala kwenye kiti cha wagonjwa, mimi nilikaa chini sakafuni nikiuinua mkono wake juu, kama nilivyoagizwa. Njia nzima alikuwa anafikiri. Tulipokaribia Bunda alisema, akitazama dari, "Sikusikia mtu akisema."

Niliuinua mkono wake juu zaidi.

"Labda masikio yangu, kaka. Kelele za kiwandani zimeyala."

Nikamwambia apumzike. Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyekuwa anatafuta kosa ndani ya masikio yake wakati lilikuwa limekaa sakafuni limemshika mkono.

Bunda walimlaza. Daktari alikuja nje, akaketi kwenye ngazi ya gari, akaandika maelezo ya ajali kwa ajili ya jalada lake. Alikuwa mtu wa haki na aliniuliza vizuri.

"Mzee Magesa, mtu mzima anawezaje kuingiza mkono kwenye mashine inayozunguka?"

Nilisema sikuwapo upande ule. Ilikuwa kweli, na sijawahi kusema kweli mbaya kuliko hiyo. Akaandika kwamba dereva aliingiza mkono katika jenereta ikiwa inafanya kazi, uzembe wa dereva. Akanipa kalamu kama shahidi. Nikasaini, na saini yangu ilitoka nzuri.

Jumapili tulirudi Mwanza bila Mabula, maana aliachwa wodini na ndugu yake aliyetoka Nassa kumuuguza. Njiani daktari aliona swichi iko kwenye kuzima, akaniuliza sababu. Nikasema tunapunguza matumizi ya mafuta. Magu watu walitusimamisha wakitaka huduma, akawahudumia wawili, na betri ziliposhuka nilitoka nje, nikatazama chini ya gari na pande zote, nikapaza sauti mara tatu, nikawasha kwa mkono. Mgonjwa aliyekuwa kitini aliuliza nani anapigiwa kelele. Daktari aliacha kazi akanitazama.

Wiki mbili baadaye Mabula alikuwa amerudi nyumbani Buswelu, na barua ya daktari ilikuwa imemfikia, ya kumshukuru na kumwachisha. Yangu ya kuajiriwa ilifika siku hiyo hiyo. Nilikwenda kumwona nikiwa na sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa wa kawaida. Mke wake, Mama Shija, alinipokea vizuri, na binti yule wa pili alipiga magoti akanisalimia shikamoo, kisha akarudi kukoboa mahindi.

Tulizungumza juu ya mvua. Kisha Mabula akasema, "Kaka, nataka kukuuliza kitu kimoja tu, halafu sitauliza tena. Siku ile nani aliiwasha?"

"Mimi."

"Ulikuwa upande wa mlango. Mwalimu mwenyewe aliniambia, aliponitembelea wodini. Alisema ulikuwa umeinua kidole."

"Niliiwasha Jumanne," nikasema. "Nyakato."

Hakuelewa, akataka nimchoree. Nilichora nyuma ya bahasha ya barua yangu ya kazi: betri, kifaa, swichi, mota. Nikamweleza kwamba betri zikishuka hakuna mtu anayebonyeza kitu. Nikamweleza juu ya kifuniko cha mkanda, na kurasa nne, na karatasi ya njano. Aliufuata mchoro kwa kidole cha mkono wa kushoto, waya kwa waya, bila haraka.

"Kazi yako ni safi," akasema mwishowe. Kisha akanirudishia bahasha. "Lakini mimi siye wa kuambiwa. Mimi nilikuwapo."

Jumatatu, mjini Mwanza, nilikuwa mlangoni mwa nyumba ya daktari kabla hajafungua. Alinisalimia shikamoo, nikashindwa kuitika vizuri. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza aliuliza swali moja, nilijua lini kwamba kosa ni langu.

"Kabla makofi hayajaisha, Daktari."

Akatoa jalada, akafungua ukurasa, akanipa kalamu ile ile. Nilikata saini yangu, nikaandika chini yake mistari mitatu juu ya nani alifanya nini. Akasoma, akasahihisha herufi moja, akafunga. Aliniambia atamwita Mabula mkono ukipona, na kwamba mimi nilete funguo za gari na kile kitabu, nisisumbuke kuja tena. Hakukasirika. Nilitembea kwa miguu mpaka Nyakato.

Mabula aliliendesha gari lile miaka mingine minane. Kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, gia alizibadilisha kwa mkono ule wa vidole vitatu, na nilisikia alibuni namna yake ya kutumia kiganja. Binti alirudi shule. Mimi nililima Kibara misimu miwili chini ya usimamizi wa Mwalimu Mafuru, kisha nikarudi Nyakato kutengeneza pasi na redio, vitu ambavyo mtu akivizima vinabaki vimezimwa. Mabula na mimi tukikutana tunasalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Hatujawahi kutafuta kazi pamoja tena.

Watu huleta karakanani vifaa vya namna ile siku hizi, na huniuliza kama mashine inayojiwasha ni salama. Nawaambia mashine ya namna hiyo haipo. Kila mashine imewashwa na mtu, kisha mtu huyo akaondoka. Mimi niliondoka hatua sita tu, nikaenda kusimama mbele ya watu.